Swali la ekari 12: alizeti, mtama na masharti yaliyomtoa binti yangu machozi

#1 Mzazi wa Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu.

Binti yangu yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba. Hesabu zake si mbaya. Ukimpa mlinganyo anautatua, grafu anachora kwa rula mpaka unafurahi kuitazama. Kinachomshinda ni swali likija kwa maneno. Akiona aya ndefu inayoanza na "mkulima ana..." anaganda kabisa. Jana usiku tulikaa mezani mpaka saa nne na nusu, tukaishia na karatasi zilizofinyangwa na machozi. Nimeumia, kwa sababu najua uwezo anao.

Swali lenyewe hili, nimeligeuza kutoka Kiingereza:

"Mkulima ana shamba la ekari 12. Anataka kulima alizeti na mtama. Ekari moja ya alizeti inahitaji sh 100,000 na siku 4 za kibarua. Ekari moja ya mtama inahitaji sh 60,000 na siku 6 za kibarua. Mkulima ana sh 1,000,000, na siku za kibarua anazoweza kupata hazizidi 60. Kwa ajili ya chakula cha nyumbani lazima apande mtama angalau ekari 3. Ekari za alizeti zisizidi mara mbili ya ekari za mtama. Faida ni sh 150,000 kwa ekari ya alizeti na sh 110,000 kwa ekari ya mtama. Alime ekari ngapi za kila zao ili apate faida kubwa kuliko zote?"

Yeye aliandika hivi:

x = alizeti, y = mtama
x + y = 12
100,000x + 60,000y ≤ 1,000,000
4x + 6y ≤ 60
y ≤ 3
2x ≤ y

Ukichora hayo, hakuna eneo lolote linalobaki. Nikambadilishia y ≤ 3 ikawa y ≥ 3, na ule mstari wa kwanza nikauwekea ≤. Tukapata alizeti ekari 3.75, mtama ekari 7.5, faida sh 1,387,500. Jibu walilopewa darasani ni sh 1,600,000. Hapo ndipo na mimi nilipoishia.

Sitaki mtu anipe jibu tu. Naomba anayejua anieleze mtoto afikirije anaposoma swali la namna hii. Nawasilisha.

#2 Mwalimu wa Chaki

Mzazi, hongera kwa kukaa naye mezani. Nimefundisha hesabu sekondari miaka mingi katika mkoa huu, na hilo kosa la binti yako nimelisahihisha kwenye madaftari mengi sana. Nitaandika kirefu, uniwie radhi.

Tuanze na mstari ambao hata wewe hukuugusa: "x = alizeti". Kosa lote limezaliwa hapo. Alizeti ni mmea, haujumlishwi wala hauzidishwi. x ni *idadi ya ekari zitakazopandwa alizeti*. Mwambie aandike sentensi nzima, hata kama inachosha: "x ni idadi ya ekari za alizeti, y ni idadi ya ekari za mtama." Mimi darasani mwangu aliyeandika "x = alizeti" simsahihishii kilichobaki, namrudishia daftari kwanza.

Kwa nini nakazania hilo? Tazama sharti la mwisho alivyoliandika. Swali linasema ekari za alizeti zisizidi mara mbili ya ekari za mtama. Yeye ameona "alizeti" na "mara mbili" vimekaa karibu, akaandika 2x. Akilini mwake 2x si hesabu ya ekari, ni kifupi cha maneno "alizeti, mara mbili". Si yeye peke yake. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1981: wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza waliambiwa waandike kwa herufi kwamba wanafunzi wa chuo fulani ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na wengi wa waliokosea waliiweka 6 upande wa wanafunzi, yaani kinyume. Hao ni watu waliokuwa wanakwenda kuwa wahandisi. Kwa hiyo mwambie binti afute machozi.

Dawa yake ni kujaribu kwa namba. Sahau herufi. Muulize: mtama ukiwa ekari 4, alizeti mwisho ni ekari ngapi? Atasema 8 bila kufikiri, kwa sababu lugha anaijua. Basi alizeti 8 na mtama 4 inaruhusiwa. Weka kwenye sharti lake: 2x ≤ y inakuwa 16 ≤ 4. Uongo. Sharti linakataa kitu ambacho swali limekiruhusu, basi sharti ndilo bovu. Jaribu x ≤ 2y: 8 ≤ 8, kweli. Kisha jaribu kitu ambacho swali limekikataza, alizeti 9 na mtama 4. 9 ≤ 8, uongo, na ndivyo inavyotakiwa. Jozi moja inayoruhusiwa, jozi moja inayokatazwa, dakika moja tu.

Sasa alama zenyewe. Hapa nitasema jambo ambalo naliamini sana: Kiswahili kimetufanyia nusu ya kazi, ila watoto wetu hawajui kwa sababu wanasoma hesabu kwa Kiingereza. Kwenye karatasi ya mtihani, neno linalosimama badala ya "angalau" ("at least") limebeba ndani yake neno lenye maana ya "kidogo". Mtoto akiliona mkono unakwenda wenyewe kwenye alama ya ndogo kuliko. Ndiyo maana binti yako aliandika y ≤ 3. Nusu ya darasa huandika hivyo.

Mfundishe ageuze kila sharti liwe na kitenzi kimoja kati ya viwili: *kuzidi* au *kupungua*. Kuzidi ni >. Kupungua ni <. Halafu akanushe pale panapohitaji kukanushwa. "Haizidi" ni kukataa >, na ukikataa > kinachobaki ni ndogo kuliko pamoja na sawa, yaani ≤. "Haipungui" ni kukataa <, kinachobaki ni ≥. Hapa wengi huteleza: wanadhani kinyume cha < ni >. Sivyo. Nikikwambia mfuko wangu haupungui elfu tano, inawezekana kabisa ni elfu tano kamili.

Mtama angalau ekari 3. Kwa kitenzi: ekari za mtama hazipungui 3. y ≥ 3. Imekwisha.

Sisi tunaoishi Dodoma tunasikia lugha hii kila siku. Katiba inaposema ibadilishwe, inataka wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wabunge wote. Mgombea urais awe ametimiza miaka 40, yaani umri wake haupungui 40, na mwenye 40 kamili anaruhusiwa. Gunia la mazao lisizidi kilo 100, likizidi ni lumbesa. Mtoto "chini ya miaka mitano" ni < 5, na siku anapofikisha mitano ametoka humo. Hayo yote ni masharti ya kutolingana, yameandikwa kwa maneno tu.

#3 Kijana wa Makole

Mwalimu, mbona ile x + y = 12 umeiruka? Shamba ni ekari 12, si anazilima zote? Mimi naona mtoto alikuwa sahihi.

#4 Mkulima wa Bihawana

Kijana, nijibu mimi maana hilo ni la shambani. Kuwa na ekari 12 hakukulazimishi kulima ekari 12. Mwaka jana nilikuwa na ekari 9, nikalima 6. Hela ya trekta iliishia hapo. Swali limesema "ana shamba la ekari 12", halikusema "lazima alime lote". Ardhi ni kama pesa mfukoni, unaweza ukatumia yote au ukabakiza, ila huwezi ukatumia usiyonayo. Haizidi 12.

Na hilo swali aliyelitunga anaijua nchi hii. Mtama unakula siku nyingi za kibarua kuliko alizeti kwa sababu ya ndege. Kwelea kwelea wakishuka na hakuna mtu shambani, asubuhi moja inatosha kukumalizia msimu. Kwa hiyo siku 6 dhidi ya siku 4 ni kweli tupu. Na hilo sharti la ekari 3 za mtama za chakula pia ni kweli, alizeti huwezi kuisonga ugali.

#5 Mwalimu wa Chaki

Asante mzee wangu wa Bihawana, sina cha kuongeza kwenye hilo. Niongeze tu kwamba alama ya sawasawa iwekwe pale swali linaposema "zote", "kamili" au "jumla yake ni".

Mzazi, masharti yote sasa haya. Pesa nimegawanya kwa 20,000 na kibarua kwa 2 ili namba ziwe ndogo:

Ardhi: x + y ≤ 12
Pesa: 5x + 3y ≤ 50
Kibarua: 2x + 3y ≤ 30
Chakula: y ≥ 3
Uwiano: x ≤ 2y
Na lile ambalo halikuandikwa popote: x ≥ 0, kwa sababu hakuna anayelima ekari pungufu ya sifuri. Kwa y halina haja, maana y ≥ 3 imeshalibeba.

Faida si sharti. Usiiwekee alama ya kutolingana. 150,000x + 110,000y ni kitu tunachotaka kikue kadiri masharti yanavyoruhusu.

Akichora, eneo linalokubalika litakuwa na pembe sita: (0, 3), (0, 10), (6, 6), (7, 5), moja yenye desimali karibu na (7.7, 3.8), na (6, 3). Apime faida kwenye kila pembe. Kwenye (6, 6) atapata 1,560,000. Kwenye (7, 5) atapata 1,050,000 + 550,000 = 1,600,000. Ile ya desimali inatoa kama 1,577,000. Nyingine ziko chini zaidi. Jibu ni ekari 7 za alizeti na ekari 5 za mtama.

Sasa mwoneshe jambo hili, litamkaa. Lile 2x ≤ y lililogeuzwa lilimpa 1,387,500. Mkulima angepoteza sh 212,500 kwa sababu namba 2 imekaa upande usio wake. Hesabu ya pesa ilikuwa sahihi, ya kibarua sahihi, grafu safi.

#6 Mpita Njia

Mnazunguka sana. Mimi nilipita kwa kukariri jedwali: angalau weka ≥, isizidi weka ≤, zaidi ya weka >, pungufu ya weka <. Mtoto akariri hayo manne basi.

#7 Mwalimu wa Chaki

Ndugu, jedwali hilo si baya, na mimi hulibandika ukutani. Ila naomba ujaribu swali hili kwa jedwali lako:

"Watu 140 wanatoka Dodoma mjini kwenda harusini Kondoa. Kuna mabasi ya kukodi yanayobeba watu 30 na hiace zinazobeba watu 15."

Neno la jedwali liko wapi? Halipo. Hakuna angalau, hakuna isizidi. Lazima uione safari yenyewe: kila mtu apate kiti. Viti visipungue 140. Mabasi yakiwa m na hiace zikiwa h, basi 30m + 15h ≥ 140. Nimewahi kutoa swali la aina hii, wengi wakaandika ≤ 140, na nilipowauliza wakasema "watu hawazidi 140, mwalimu". Ni kweli watu hawazidi 140. Lakini upande wa kushoto haukuhesabu watu, umehesabu viti! Ndiyo maana narudi kwenye lile la mwanzo, kila herufi na kila kipande kiandikwe kwa sentensi: 30m ni *idadi ya viti vya mabasi*.

Na hapo m na h lazima ziwe namba nzima. Ekari unaweza kulima nusu, hiace nusu haifiki Kondoa. Mabasi 4 na hiace 2 yanakupa viti 150, yanatosha. Mabasi 4 na hiace 1 ni 135, watu watano wamebaki stendi.

#8 Mama Mashudu

Shikamoo mwalimu. Mimi si mwanafunzi, nafuga kuku hapa Ipagala na najichanganyia chakula. Nimesoma huu uzi nikagundua kitu kuhusu biashara yangu. Niliambiwa na mtaalamu kwamba mashudu ya alizeti yasizidi robo ya mchanganyiko wote, maana yana nyuzinyuzi nyingi. Mimi kila siku napima pumba na vitu vingine kilo 80, nagawanya kwa nne napata 20, naweka mashudu kilo 20. Nimekuwa nafanya hivyo mwaka mzima. Je, niko sawa?

#9 Mwalimu wa Chaki

Marahaba mama. Kuku wako wako salama, hukuvunja sharti. Ila umejibana bila sababu.

Tuandike. s ni kilo za mashudu, p ni kilo za vitu vingine vyote. Robo ya nini? Ya mchanganyiko *wote*, na mashudu yenyewe yamo ndani ya huo mchanganyiko. Kwa hiyo s ≤ (s + p) ÷ 4. Zidisha pande zote kwa 4: 4s ≤ s + p. Toa s pande zote: 3s ≤ p. Yaani mashudu yasizidi theluthi ya vile vingine, si robo yake. Kwa p = 80, s inaweza kufika kilo 26 na ushee. Hakikisha: 26 katika jumla ya 106 ni pungufu kidogo ya robo. Na zile 20 zako katika jumla ya 100 ni moja ya tano.

Sikwambii uongeze mashudu, hilo muulize huyo mtaalamu wa mifugo. Nakwambia tu sharti lake linasema nini. Mzazi, mwoneshe binti na hili, kwa sababu kwenye mitihani swali la "asilimia fulani ya jumla" linakuja mara kwa mara, na neno "jumla" ndilo linalosahaulika.

#10 Mama Mashudu

Mungu akubariki. Mashudu ndiyo kitu cha bei nafuu kwangu, vingine ndivyo vinanimaliza. Nitampigia.

#11 Mwanachuo

Niongezee kidogo kwa wanaopenda historia, maana nasoma mambo haya chuo. Masharti ya namna hii si ya mtihani tu. Leonid Kantorovich wa Urusi ya Kisovieti aliyaandika mwaka 1939 kwa ajili ya kiwanda cha mbao za plaiwudi, na George Dantzig wa Marekani mwaka 1947 akapata njia ya kuyatatua yakiwa mengi kuliko grafu inavyoweza kubeba. Kantorovich alipata Nobeli ya uchumi mwaka 1975 pamoja na Tjalling Koopmans.

Linalofanana na la Mama Mashudu ni hili. Mwaka 1945 George Stigler alijiuliza mtu mzima anaweza kula kwa gharama ndogo kiasi gani kwa mwaka bila kupungukiwa. Vyakula 77, virutubisho 9, kila kirutubisho na sharti lake la kutopungua. Kwa kukisia kwa akili akafika dola 39.93. Miaka miwili baadaye swali likapewa njia ya Dantzig. Makarani 9 wenye mashine za kukokotoa za mezani walitumia siku-kazi 120, wakapata dola 39.69. Tofauti ni senti 24 tu. Kwangu kinachovutia ni kwamba kuandika masharti yenyewe kulikuwa kumeshafanyika kabla, na bila hayo makarani wasingekuwa na cha kukokotoa.

#12 Kongwa Yetu

Wakuu, mimi nimekulia Kongwa na nataka kusema kuhusu sharti ambalo halijaandikwa. Mwalimu amegusia x ≥ 0, lakini kuna makubwa zaidi.

Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja kwetu na mradi wa karanga. Walipanga kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na Kongwa ndiko walikoanzia. Matrekta yalikuwepo, pesa zilikuwepo, watu walikuwepo. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, hasara yake hutajwa kuwa kama pauni milioni 36. Wazee wetu walituonesha sehemu zile. Udongo wa kule una mfinyanzi, kiangazi kikikolea unakuwa mgumu kama saruji, karanga ziko chini na huwezi kuzing'oa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka mwingine inakata katikati. Wagogo waliokuwa wakiishi pale walilijua hilo bila kalamu.

Kwa hiyo swali la ekari 12 nikilisoma najiuliza: sharti la mvua liko wapi? Mtunga swali amechagua alizeti na mtama, mazao yanayovumilia ukame. Angeandika mahindi, hesabu ingetoka safi na mkulima angelala njaa.

#13 Mwalimu wa Chaki

Kongwa Yetu, nimekaa na maneno yako kwa muda. Kwa mtihani, mtoto aandike masharti yaliyomo kwenye swali pamoja na yale ya lazima kama x ≥ 0, asiongeze ya kwake, atakosa alama. Lakini kwa maisha uko sahihi kabisa, na natamani tungekuwa na nafasi darasani ya kuwaambia watoto "ongezeni sharti moja ambalo mtunzi amelisahau". Nadhani wale wa vijijini wangewashinda wa mjini mbali sana. Nitajaribu muhula ujao.

#14 Mzazi wa Nkuhungu

Wakuu, nimerudi. Nimewasomea nyumbani uzi wote, binti akiwa na daftari.

Kwanza amecheka aliposikia kuhusu wahandisi wa Marekani. Halafu amechukua karatasi mpya, akaandika "x ni idadi ya ekari za alizeti" kwa sentensi nzima. Masharti yote sita ameyaandika mwenyewe bila kutazama simu. Kwenye y alisimama, nikamsikia anasema peke yake "hazipungui tatu, hazipungui", akaandika ≥. Grafu ikatoa (7, 5).

Nikadhani tumemaliza. Akaniuliza: baba, huyu wa Bihawana anasema ndege wanamaliza mtama asubuhi moja, je, mwaka wa ndege wengi siku za kibarua zikiwa 8 kwa ekari ya mtama badala ya 6, bado ni 7 na 5? Sikuwa na jibu. Akabadilisha sharti moja tu, 4x + 8y ≤ 60, akagawanya kwa 4 ikawa x + 2y ≤ 15. Mstari ukashuka. Pembe nzuri safari hii ni alizeti 7.5 na mtama 3.75, faida sh 1,537,500. Mwalimu, tafadhali tuhakikishie.

#15 Mwalimu wa Chaki

Nimekokotoa mara mbili. Yuko sahihi kabisa. Na mwambie aangalie kilichotokea: mwanzo ardhi na pesa ndivyo vilivyokuwa vinambana mkulima, kibarua kilimbakizia siku mbili. Sasa kibarua na ule uwiano wa mara mbili ndivyo vinavyobana. Ardhi imebaki, na pesa zimebaki sh 25,000.

#16 Mkulima wa Bihawana

Mwambieni huyo binti nimefurahi sana. Ila hesabu yangu inaonesha ekari 11 na robo tu zimelimwa, robo tatu ekari imekaa bure. Si apande hata kunde humo? Elfu 25 ya mbegu anayo.

#17 Mzazi wa Nkuhungu

Nimemsomea. Ameangalia daftari lake, akasema: "Shikamoo babu. Siku 60 zimeshaisha zote, 30 kwenye alizeti na 30 kwenye mtama. Hizo kunde atapalilia nani?"